Gari limetoka servisi, mbona linakula mafuta kuliko mwanzo?

"Shemeji, nimeibiwa mafuta."

Ndivyo alivyoanza jirani yetu mmoja hapa Chumbageni, rafiki wa mke wangu, alipokuja jioni moja na funguo za gari mkononi. Kila wiki anapeleka samaki wakavu Korogwe kwa gari lake dogo la Toyota. Petroli ya elfu hamsini ilikuwa inampeleka Korogwe, inamrudisha Tanga, na bado anabakiwa na ya kuzungukia mjini siku mbili. Ijumaa gari likaenda servisi: oili, filta, plagi, chujio la hewa na pedi za breki za mbele. Vijana wakalisafisha ndani na nje mpaka likang'aa. Safari iliyofuata akaweka elfu hamsini ile ile, na taa ya mafuta ikamwakia Muheza wakati wa kurudi. Kwa hesabu yake, ama fundi kanyonya tangi, ama sheli wamempunja.

Inawezekana. Lakini nimehangaika na magari ya mtumba miaka mingi, na nilichojifunza ni kwamba gari likibadilika ulaji baada ya servisi, sababu mara nyingi imo kwenye kitu kilichoguswa siku ile, au imo kwenye namna tunavyopima. Wizi uko mbali sana nyuma. Kinachoniuma ni kuona mtu anagombana na fundi wake wa miaka yote, anahamia gereji nyingine, anauziwa sensa na nozeli (vipulizia petroli) ambazo hazikuwa na ubaya wowote, na ulaji unabaki pale pale.

Kwa hiyo jambo la kwanza nililomuuliza halikuhusu fundi. Nilimuuliza: elfu hamsini hiyo ni lita ngapi?

Hakujua. Wengi wetu hatujui, kwa sababu tunanunua mafuta kwa shilingi. "Niwekee ya ishirini." EWURA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na maji, hutangaza bei kikomo mpya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na mafuta yanayoshushwa bandari ya Tanga yana bei yake tofauti na ya Dar es Salaam na Mtwara. Bei hubadilika pia wilaya hadi wilaya kwa sababu ya usafirishaji, hivyo lita ya Korogwe si bei ya lita ya Tanga mjini. Servisi ikiangukia mwanzoni mwa mwezi ambao bei imepanda, pesa ile ile inaingiza lita chache, na lawama zote zinamwangukia fundi. Geji nayo si shahidi wa kutegemea. Kwenye magari mengi mshale hukaa juu ya nusu muda mrefu, kisha hushuka mbio.

Kipimo cha kweli ni kujaza tangi. Jaza mpaka bomba la pampu lijikate lenyewe, usiongeze hata tone la kupata namba nzima. Rudisha kilomita za tripu kwenye sifuri. Tembea kama kawaida, na tangi likifika nusu au chini yake rudi sheli ile ile, pampu ile ile ikiwezekana, ujaze tena mpaka ijikate. Soma lita kwenye risiti. Kama umetembea kilomita 325 na zimeingia lita 26, gari linakupa kilomita 12.5 kwa lita. Fanya hivyo mara mbili kabla ya kumnyooshea mtu kidole, na usihesabu tangi la siku ya servisi yenyewe, kwa kuwa siku hiyo gari limesimama gereji likinguruma, limejaribiwa, limezimwa na kuwashwa mara kadhaa, na hakuna hata kilomita moja ya faida yako.

Angalia pia kama unalinganisha safari zinazofanana. Tangi lililopanda kutoka Mombo hadi Lushoto, karibu mita elfu moja kwenda juu kwa kona za kukunja shingo, haliwezi kulinganishwa na tangi la Tanga hadi Segera. Vilevile mizunguko mifupi, Raskazone hadi Ngamiani na kurudi, inamaliza mafuta kuliko barabara ndefu, kwa sababu injini inazimwa kabla haijapata joto lake.

Kuna mtego mmoja hapa ambao watu hawauoni. Mara nyingi siku ya servisi ndiyo siku tunayojazwa gesi ya AC. Gari lililokuwa likiendeshwa vioo wazi mwaka mzima sasa linaendeshwa vioo vimefungwa na kompresa ikifanya kazi saa zote. Idara ya Nishati ya Marekani inasema kwenye joto kali AC inaweza kupunguza ufanisi wa mafuta kwa zaidi ya asilimia 25, hasa kwenye safari fupi. Fundi hapo hana kosa. Umepata ubaridi uliokuwa huna, na ubaridi una bei yake.

Ukishapata namba zako na kuthibitisha kwamba kweli ulaji umepanda, tazama umepanda kwa kiasi gani. Ukubwa wa pengo unakuonyesha pa kuanzia. Pengo la asilimia 2 au 3 ni la oili nzito au upepo wa tairi. Asilimia 10 hadi 15 ni breki inayoshika, injini isiyopata joto, au gia ya mwisho isiyoingia. Ikifika 25 au 30, fikiria sensa iliyoachwa bila kuchomekwa, mafuta yanayovuja, au sababu mbili tatu zilizokutana. Ukinusa petroli hata kidogo, hasa kama filta ya mafuta iliguswa, usiendeshe tena mpaka mivujo iangaliwe. Hapo hatuzungumzii ulaji tena, tunazungumzia moto.

Tuanze na oili, maana ndiyo inayolaumiwa zaidi. Kwenye kopo utaona maandishi kama 5W-30 au 20W-50. Namba iliyo kabla ya W inaeleza wepesi wa oili ikiwa ya baridi, na ya pili inaeleza uzito wake injini ikiwa na joto. Toyota nyingi ndogo za petroli zimetengenezewa 5W-30 au 0W-20. Mafundi wengi wa pwani huweka 20W-50, wakisema joto letu linataka oili nzito. Injini inalazimika kuisukuma oili hiyo kama mtu anayekoroga uji mzito, na kazi hiyo inalipwa kwa petroli. Lakini hasara yenyewe ni ndogo. Idara ile ile ya Marekani inakadiria asilimia 1 hadi 2 kwa injini ya 5W-30 iliyowekewa 10W-30, na 20W-50 inaongeza kidogo juu ya hapo. Kama gari lako limetoka kilomita 13 hadi 10 kwa lita, oili peke yake haiwezi kubeba lawama hiyo. Rudi kwenye oili sahihi kwa ajili ya afya ya injini, ila endelea kutafuta.

Angalia na kipimo chake. Injini ya 1NZ-FE, iliyo kwenye Toyota IST za cc 1,500, inahitaji takriban lita 3.7 ukibadilisha pamoja na filta. Galoni lina lita 4, mengine 5, na kijana wa gereji hapendi kumrudishia mteja galoni lenye kibaki, anamimina lote. Chomoa kijiti gari likiwa limesimama pa tambarare na limezimwa dakika kadhaa. Oili ikiwa imepita sana alama ya juu, ipunguzwe.

Chujio la hewa lina habari mbili, na zinapingana na tulivyozoea kuamini. Ya kwanza: kubadilisha chujio chafu kwenye gari la nozeli hakupunguzi sana ulaji. Maabara ya Taifa ya Oak Ridge ya Marekani ilipima mwaka 2009 ikakuta chujio lililoziba linaathiri mchomoko wa gari, lakini ulaji wa petroli haubadiliki kwa maana, kwa sababu kompyuta hupima hewa inayoingia na kupunguza mafuta kulingana nayo. Ni yale magari ya zamani ya kabureta yaliyokuwa yakiumia. Ya pili: tendo lenyewe la kubadilisha chujio linaweza kuleta tatizo. Kwenye magari mengi boksi la chujio ndipo inapokaa sensa ya kupima hewa, na mpira mnene unatoka hapo kwenda injini. Boksi lisipofungwa vizuri, au klampu ya mpira ikiachwa legelege, hewa inaingia kwa mlango wa nyuma bila kupimwa. Sensa ya oksijeni kwenye bomba la moshi inagundua hewa imezidi, kompyuta inaongeza petroli, na injini inanguruma juu hata gari likiwa limesimama. Fungua boneti, bonyeza boksi kwa mkono, fuata mpira mpaka mwisho wake, hakikisha kila plagi ya waya imelia "tak" mahali pake. Kazi ya dakika tano, haina gharama.

Kama injini ilioshwa kwa maji ya presha, kagua waya za sensa mara mbili. Na ikiwa kulikuwa na kazi ya kubandika, uliza silikoni gani ilitumika. Zile za kawaida hutoa mvuke ambao ukipita kwenye injini unaweza kuiharibu sensa ya oksijeni, na sensa hiyo ikianza kusoma uongo, kompyuta inamwaga mafuta kwa kuamini uongo huo.

Plagi: hakikisha ni namba inayotakiwa na injini yako. Kwenye NGK na Denso nyingi, 11 ya mwishoni mwa namba inamaanisha mwanya wa milimita 1.1. Plagi ikianguka chini sakafuni kabla ya kufungwa, mwanya unajifinya au kauri inapata ufa usioonekana. Utasikia gari linakatakata likipanda mlima.

Betri ikitolewa au vichwa vyake vikisafishwa, kompyuta inapoteza kumbukumbu ya yale iliyojifunza kuhusu injini yako. Siku chache za mwanzo gari linaweza kunguruma juu au kula kidogo zaidi mpaka lijifunze upya. Hali ni hiyo hiyo baada ya kusafisha koo la hewa (throttle body). Hili ndilo tatizo pekee kwenye makala hii linaloponywa kwa kuendesha tu. Lipe siku kadhaa za safari mchanganyiko, kisha upime.

Sasa niseme juu ya themostati, na hapa sitapita haraka, maana limenikuta mwenyewe na bado linakuta wengi.

Niliwahi kupeleka gari gereji moja hapa mjini kusafisha rejeta na kubadilisha maji. Fundi alitoa themostati akaitupa, hakuniambia. Nilipokuja kumuuliza baadaye alijibu kwa moyo mweupe kabisa: "Bro, hii nchi ya joto, hiyo kitu ni ya Wazungu wa baridi." Alidhani ananisaidia gari lisichemshe. Gari langu lile halikuwa na geji ya joto, lilikuwa na taa ya bluu tu kwenye dashibodi, ile inayowaka injini ikiwa ya baridi na kuzimika ikipata moto. Wiki ya pili, narudi kutoka safari ndefu na mvua kubwa ya masika, nimeshapita Segera, nilipokaribia Hale taa ya bluu ikawaka. Injini imetembea zaidi ya saa nzima, na gari linaniambia ni ya baridi.

Themostati ni mlango mdogo wa chemchemi na nta. Unabaki umefungwa mpaka maji ya injini yafike joto lake, nyuzi 82 hivi kwa Toyota nyingi, ndipo unayaachia kwenda kwenye rejeta. Joto letu la Tanga, hata siku ile ya Februari ambayo shati linaganda mgongoni, ni nyuzi 32 au 33. Kwa binadamu ni mateso, kwa injini ni baridi. Bila mlango huo maji yanakwenda rejeta tangu dakika ya kwanza, na ukiwa barabarani na upepo unapiga mbele injini haifiki joto lake kabisa. Petroli kwenye injini ya baridi haigeuki mvuke vizuri, nyingine inaganda kwenye kuta, kwa hiyo kompyuta inamwaga zaidi kufidia. Oili inabaki nzito. Giaboksi nyingi za otomatiki pia hukataa kuingia gia ya mwisho, au kujifunga moja kwa moja na injini, mpaka maji yapate joto. Hasara tatu zinakuja pamoja, kimya kimya, bila gari kuchemsha wala kuzima, na mwenye gari anafurahi kwamba "gari langu halipandi joto kabisa".

Lilikuwa linanipa kilomita 13 kwa lita, likashuka hadi 11. Niliweka themostati mpya na mpira wake, likarudi. Ukitaka kujua lako, washa gari asubuhi na ushike kwa tahadhari mpira wa juu wa rejeta. Kwa dakika za mwanzo uwe wa baridi, kisha upate moto kwa ghafla mlango ukifunguka. Ukiona unapata joto polepole sambamba na injini tangu mwanzo, mlango haupo au umekwama wazi. Mashine ya kupimia kompyuta ya gari nayo hutoa namba ya hitilafu P0128 kwa kasoro hii kwenye magari mengi. Na kama kweli gari lilikuwa linachemsha, themostati imetolewa tu ili kuficha ugonjwa, rejeta iliyoziba au pampu iliyochoka bado ipo pale pale.

Turudi kwa jirani. Kesho yake asubuhi tulitoka naye mpaka Pongwe, yeye kwenye usukani, mimi pembeni. Barabara ilipofunguka akashika 80, na mshale wa mizunguko ya injini ukasimama karibu na 3,000. Nikainama kutazama dashibodi. Taa ndogo ya njano: O/D OFF.

"Hiyo ipo siku zote?" nikamuuliza.

"Nilidhani ni ya servisi mpya," akasema.

Ni kitufe cha ubavuni mwa gialiva, na kwenye magari mengi ya zamani kikibonyezwa kinabaki kimebonyezwa hata ukizima gari. Kinaifungia nje gia ya nne. Kwenye giaboksi ndogo nyingi za Toyota za gia nne, ya tatu ina uwiano wa 1.0 na ya nne 0.7, maana yake kwa mwendo ule ule injini inazunguka asilimia 30 chini ikiwa ya nne. Aliyekuwa akifuta vumbi gialiva siku ya servisi bila shaka ndiye aliyekibonyeza. Nikakibonyeza tena, taa ikazimika, mshale ukateremka taratibu mpaka 2,000 na kidogo, na kelele iliyokuwa ndani ya gari ikapungua kiasi kwamba yeye mwenyewe aligeuka kunitazama.

Lakini kitufe peke yake hakiwezi kutoa pengo lote lile. Tulipofika Pongwe nilimwomba asimame polepole bila kukanyaga breki kwa nguvu, tukashuka. Nilisogeza mgongo wa mkono kwenye kila rimu. Tatu zilikuwa vuguvugu. Ya mbele kulia ilikuwa na joto la kutosogelewa, na harufu kama ya kamba iliyoungua.

Hiyo ni pedi inayoshika. Pedi mpya ni nene kuliko za zamani, hivyo pistoni ya breki inarudishwa ndani, na kalipa, kile chuma kinachobana pedi, inatakiwa iteleze kwenye pini mbili zake. Pini zikiwa kavu au na kutu, na hewa ya bahari hapa Tanga haina huruma na chuma, kalipa hairudi, pedi inabaki inasugua rota, yaani sahani ya breki, safari nzima. Ni kama kutembea na mguu mmoja juu ya breki. Tulipoinua gari kwa jeki, gia ikiwa huru na matairi mengine yamewekewa mawe, tuliuzungusha mguu wa kushoto ukaenda kwa uzito wa kawaida wa giaboksi, wa kulia ukasimama papo hapo. Daima linganisha pande mbili, usihukumu upande mmoja. Kwa matairi ya nyuma, adui ni handbreki iliyokazwa kupita kiasi.

Matairi nayo yana kisa kidogo. Mpya yana ukinzani zaidi kuliko yaliyolika, hivyo kilomita za mwanzo gari linaweza kula kidogo zaidi. Ukibadilisha saizi, hesabu zenyewe zinapotoka: kutoka 175/65R14 kwenda 175/70R14 mduara unakua kwa asilimia 3, kwa hiyo dashibodi ikisema 100 umetembea kama 103, na gari litaonekana linakula wakati ni kilomita zinazohesabiwa pungufu. Upepo upime asubuhi tairi likiwa la baridi, kwa geji, ufuate kibandiko cha kwenye mlango wa dereva. Ukipungua psi 10 kwenye matairi yote, hasara ya petroli ni takriban asilimia 2, ila tairi litalika mabegani mapema na hilo ni ghali zaidi. Baada ya kazi yoyote ya miguu, fanya alaimenti, yaani kunyoosha matairi.

Kama taa ya injini imewaka, au umekagua haya yote na pengo bado lipo, ndipo ulipie kupimwa kwa mashine. Usikubali kuambiwa tu "sensa mbovu". Omba uonyeshwe marekebisho ya mafuta ya muda mrefu (long term fuel trim), gari likiwa na joto. Yakiwa karibu na sifuri, juu au chini kidogo, kompyuta haihangaiki. Yakipanda kupita asilimia 10 inaongeza petroli, tafuta hewa inayopenya, na namba ya hitilafu P0171 huwa inaambatana nayo. Yakishuka sana chini ya sifuri inapunguza, maana kuna mafuta yanayozidi kutoka mahali fulani. Namba hiyo inaokoa pesa nyingi kuliko kubadilisha sensa moja baada ya nyingine kwa kubahatisha.

Ukirudi kwa fundi, nenda na karatasi ya kilomita na lita za kabla na baada, na orodha ya vilivyoguswa. Fundi aliyeonyeshwa namba anashika spana. Aliyeambiwa "umeniharibia gari" anashika ubishi.

Jirani alimpigia simu yule fundi aliyekuwa akimshuku. Alikuja mwenyewe na boksi la vifaa, akatoa pini mbili za kalipa zilizokuwa na rangi ya kahawa, akazisugua kwa msasa, akazipaka grisi ya breki, akazirudisha. Hakumtoza. Wiki iliyofuata shemeji alijaza tangi Kange mpaka pampu ikajikata, akaenda Korogwe, akarudi Kange akajaza tena, akanitumia picha ya risiti: kilomita 188, lita 14.3.